Picha ya Mtu Asiyetulia

Mtaani walimwita Mama Tulia, na wageni wakadhani ana binti wa jina hilo. Hakuwa naye. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, na hakuna kati yao aliyekuwa Tulia kwa jina wala kwa tabia. Jina lilitoka studio, alikokuwa akipiga watu picha za vitambulisho na za harusi. Kila aliyekaa kwenye kigoda cheusi mbele ya pazia la buluu alisikia maneno yale yale: "Tulia. Kidevu chini. Tulia hapo hapo." Watoto walilia, wazee walisinzia, mabibi harusi walijikuna pua chini ya shela, naye akawatuliza wote kwa neno hilo moja mpaka likamganda.

Studio haikuwa yake. Ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye goti bovu na ulimi mzima. Wifi huyu hakumpenda tangu siku ya posa. Alisema mbele ya watu kwamba mdogo wake ameoa macho tu, kichwa hakuna, na kauli ile hakuwahi kuifuta. Alimpa kazi kwa sababu mdogo wake alimwomba, na alimpa kama mtu anavyompa paka mfupa, kwa kumtupia. Kilikuwa chumba kimoja cha kupigia picha, kijichumba cha nyuma chenye kompyuta na mashine ya kuchapia, na nje baraza nyembamba ya saruji inayotazama barabara. Katika vyumba hivyo viwili wanawake hawa walipishana kutwa nzima kwa mabega, kila mmoja akihakikisha hagusi mwenzake.

Mume wa Mama Tulia alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole kupita kiasi. Akisikia dada yake na mkewe wameanza, alivaa miwani yake nyeusi ya kuchomelea hata kama hakuna moto wowote uliowashwa. "Mimi na chuma tunaelewana," alikuwa akisema. "Nyie nendeni mkamalizane."

Kazi ya mume ndiyo iliyomleta Kapteni. Huyu alikuwa nahodha wa timu ya mbio za viti vya magurudumu, na viti vyao vikivunjika viliungwa pale karakana. Alikuwa mtu wa makamo, mabega kama milango, miguu yake imekataa kazi tangu utotoni. Asubuhi moja aliingia studio akijisukuma kwa mikono, akakigonga kile kigoda kikaenda ukutani, na hakuomba radhi.

"Nataka picha ya bango," alisema. "Kuna mashindano, na wenyeji ni sisi."

"Karibu, kaka," wifi akajibu. "Tutakupiga hapo hapo ulipo. Wewe hata kigoda hukihitaji."

Ulikuwa utani. Kapteni hakucheka.

"Dada, mimi tangu nizaliwe napigwa picha nimekaa. Wanakuja watu na kamera zao, wananiambia niinue macho kidogo nionekane na huzuni, kisha wanaondoka. Sura yangu imejaa kwenye makabati ya watu nisiowajua. Sitaki nyingine ya hivyo. Nataka picha nikiwa nakwenda."

"Sasa kwenye karatasi utakwendaje?"

"Hiyo ndiyo kazi yenu. Kama hamuijui semeni, nikatafute wanaoijua."

"Mlango ni ule ule ulioingilia," wifi akasema.

Kapteni alikwisha kugeuza gurudumu moja wakati Mama Tulia alipochungulia kutoka kijichumba cha nyuma. "Nitakuja uwanjani," alisema. Hakusema kwa wema. Alimwona wifi yake amekwama mbele ya mteja, na nafasi ya namna hiyo haikuwa ikitokea kila siku.

Wifi alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Wewe? Mtu akikohoa tu picha yako imeharibika." Kisha akafungua droo ya chini akatoa kamera kuukuu yenye ufa pembeni. "Ile nzuri hutaitia mavumbi. Chukua hii. Nimekupa, ife na wewe."

Basi akaenda.

Kiti cha mbio si kile cha hospitali. Ni kirefu na chembamba, gurudumu moja dogo liko mbele kabisa, na mawili makubwa nyuma yameegemeana kwa juu kama watu wanaonong'onezana. Mkimbiaji hupiga magoti ndani yake, kifua juu ya mapaja, mikono imevaa glavu ngumu, na huzipiga pete za magurudumu kwa nguvu mpaka mlio wake husikika nje ya ukuta wa uwanja. Kapteni alipompita Mama Tulia mara ya kwanza, upepo wake ulimpeperusha kilemba.

Alipiga picha nyingi siku ile. Jua lilikuwa kali, kamera ikafanya kazi yake yenyewe, kila kitu kikatoka kimekatika vizuri kama kimepigwa wembe. Alifurahi. Kapteni aliposimama kupumzika alimpelekea kamera aone. Kapteni akatazama kile kioo kidogo huku jasho likimdondoka puani.

"Umenipiga nimeegesha," alisema.

"Nimekupiga unakimbia, kaka. Mimi mwenyewe nimekuona."

"Tazama gurudumu. Spoki zote zinahesabika. Umeona wapi gurudumu linalokwenda spoki zake zikahesabika? Hapa ni kama mtu amenisukuma akaniacha nimngoje." Akamrudishia kamera. "Kamera yako ni mvivu kama za wenzako. Toka kwenye njia yetu."

Wenzake walicheka, na mmoja alimpita karibu kwa makusudi mpaka Mama Tulia akarukia nyasini. Mama Tulia alirudi mjini kwa miguu, akitukana kimoyomoyo timu nzima, mmoja baada ya mwingine.

Hata hivyo neno la spoki lilimkaa. Alijua jambo moja kutokana na kazi ya studio: mlango wa ndani wa kamera ukifunguka na kufunga upesi, kila kitu huganda, na ukichelewa kufunga, kinachotikisika huacha mkia. Ndiyo maana miaka yote alikuwa akiwaambia watu watulie. Basi akarudi uwanjani, akauchelewesha ule mlango, akajiweka imara kwenye kona, akaipachika kamera kifuani na kusubiri wapite mbele yake.

Jukwaa lilitoka safi kabisa. Hata mfuko wa plastiki ulionasa kwenye uzio ulionekana mpini wake. Kapteni mwenyewe alikuwa doa refu la kijivu.

"Sasa umenifuta," Kapteni alisema alipoonyeshwa. "Afadhali jana nilikuwepo."

Wifi alizikuta picha zile kwenye kompyuta. Alisimama nyuma ya Mama Tulia, mkono kiunoni, akazitazama moja baada ya moja kama mtu anayekagua nguo zilizofuliwa vibaya.

"Huyu ni mtu au uji umemwagika?"

Mama Tulia alifungua picha iliyofuata.

"Nakuuliza, wifi. Maana bango likitoka hivi, watu watakuja na vijiko."

"Kama unajua, sema."

"Najua," wifi akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Ujana wangu wote ulikwenda gazetini. Baiskeli, pikipiki, farasi, wakimbiaji. Hili goti mnaloliona nikilikokota mkalidhania uzee, ni baiskeli iliyokosa kona ikanikuta mimi."

Mama Tulia aligeuka kumtazama. Alikuwa ndani ya familia ile tangu akiwa msichana, amezaa humo, amezika humo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Hata mumewe. Alipomuuliza baadaye, mume alijibu kwamba dada hakupenda litajwe, na yeye asingeweza kubishana na dada.

"Basi nifundishe," Mama Tulia alisema.

"Mimi nilifundishwa na nani? Nilitukanwa nikajua. Na wewe tukanwa, utajua."

Akachukua mkoba wake, akaenda. Lakini mlangoni alisimama. Hakuwa amemhurumia mtu. Ile picha mbaya ilikuwa bado iko wazi kwenye kioo, na ilimuuma kama mchanga kwenye jicho.

"Adui yako akipita mbele ya nyumba yako, unamtazamaje?" aliuliza.

"Adui yangu yupi?"

"Unaye, usijifanye malaika. Unamwona tangu anapochomoza kule kwa fundi viatu. Shingo inamfuata polepole. Hupepesi. Akifika mbele yako hukomi, unamsindikiza kwa macho mpaka apotee. Nyumba, miti, watu wengine, hao wote huwaoni, wanakwenda na maji. Sasa wewe unamsubiri mtu afike mbele yako ndipo umtazame, tena umesimama kama mlingoti. Picha yako haina chuki." Akafunga mlango nyuma yake kwa kishindo, kama aliyeibiwa kitu.

Asubuhi iliyofuata, kabla wateja hawajaanza kuja, Mama Tulia alitoka na kamera kuukuu akasimama barazani. Barabara ile ilikuwa na kila kinachokwenda: baiskeli zenye makreti ya mikate, mikokoteni, pikipiki, wanafunzi waliochelewa. Alichagua mwendesha baiskeli mmoja tangu akiwa mbali, akamshika ndani ya kidirisha cha kamera, akamfuata. Alipofika mbele alibonyeza. Picha ikatoka imekatika katikati, kichwa kipo na baiskeli haipo.

Akajaribu tena, na tena, na watu wakaanza kumchukia.

Mchukuzi wa mkokoteni ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisimama katikati ya barabara akauliza ni nani aliyemtuma. Mama Tulia akasema anajifunza. "Kujifunza kwa mtu mzima ni upelelezi," mchukuzi akasema, akaugeuza mkokoteni wake uliojaa saruji, akauegesha mbele ya baraza na kuukalia hadi adhuhuri. Muuza duka wa jirani alimwaga maji ya deki yakateremka hadi kwenye miguu yake. Siku nyingine mwanamke aliyekuwa amekaa nyuma ya pikipiki, mikono imemzunguka dereva kuliko inavyohitajika, alimsimamisha dereva huyo na kurudi mbio.

"Futa."

"Dada, mimi sikujui."

"Hunijui ndiyo, lakini yupo anayenijua. Futa, la sivyo hiyo kamera utaitafutia kwenye mtaro."

Mama Tulia akamwonyesha picha. Ilikuwa mistari mitupu, mtu na pikipiki na barabara vimekwenda pamoja kama rangi iliyolowa mvua. Mwanamke akaitazama, akashusha pumzi. "Ndivyo unavyopiga?" aliuliza. "Basi piga tu. Wewe huna madhara." Akarudi kwa dereva wake. Tusi lile lilimchoma Mama Tulia kuliko yote aliyokwisha kutukanwa.

Kidogo kidogo, kwa kukosea, mwili wake ukaanza kuelewa. Aligundua kwamba viwiko vikiwa hewani, kamera hupanda na kushuka, basi akavibana mbavuni. Akagundua kwamba akielekeza miguu upande mtu anakotokea, mwili humkwama katikati ya mzunguko. Ni bora miguu ielekee pale anapotaka kubonyeza, kisha azungushe kiuno kumpokea mtu kule mbali na kurudi naye. Lakini kosa moja lilikataa kuondoka. Kila alipobonyeza kitufe, alisimama. Kidole kikishuka, mikono inaganda, na picha inaharibika pale pale. Ilikuwa tabia ya miaka yote ya pazia la buluu, bonyeza na uache, na ilikuwa imemkaa kwenye mifupa.

Wifi alipita nyuma yake akiingia na kutoka, na kila alipopita alimtupia moja. "Kiuno kimekufa?" Au: "Unamkata mtu kama muwa." Au, mara moja, bila hata kumtazama: "Ukibonyeza ndiyo safari inaanza, haijaisha." Mama Tulia aliyashika yote, kama mtu anayeokota mawe aliyotupiwa na kujengea.

Kwa ajili ya lile goti, wifi alikuja kazini kwa pikipiki yake ndogo nyekundu. Aliendesha ameketi wima, mkoba umening'inia begani, na hakumpisha mtu. Asubuhi moja Mama Tulia alikuwa barazani mapema. Usiku uliopita, mezani kwa mama mkwe, wifi alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba wapo wake wanaocheza na kamera wakati watoto wao wanavaa mashati yasiyo na vifungo. Hakuna aliyemtetea Mama Tulia. Mume alikuwa ameinama kwenye sahani yake kana kwamba ameangusha kitu humo.

Basi ile pikipiki nyekundu ilipochomoza kwa fundi viatu, Mama Tulia aliinua kamera, na kwa mara ya kwanza hakufikiria kiwiko wala kiuno. Alimtazama tu. Alimshika uso akaja naye, akapita naye kwenye ukuta wa shule, akapita naye kwenye duka la rangi, akabonyeza na hakujua kwamba amebonyeza, akaendelea kumsindikiza mpaka pikipiki ilipokata kona ya nyuma ya jengo na kupotea. Ndipo akashusha mikono.

Alipoifungua picha kwenye kompyuta alivuta kiti karibu. Ukuta wa shule ulikuwa umegeuka mistari mirefu ya manjano na nyeupe. Magurudumu yalikuwa maduara ya ukungu. Na katikati ya mbio zote hizo uso wa wifi yake umekaa shwari, kila kope ipo, mdomo umebanwa, macho yanatazama mbele kama ya mtu anayekwenda kumaliza jambo.

Wifi aliingia, akaiona. Aliisogelea. Akaikuza, akatazama jicho, akatazama ukuta, akarudi kwenye jicho.

"Nimekuwa mzee hivi?" aliuliza.

Mama Tulia hakutegemea swali lile.

"Futa," wifi akasema.

"Sifuti."

"Uso ni wangu."

"Picha ni yangu."

Wifi alinyoosha mkono kuchukua kipanya, Mama Tulia akakifunika kwa kiganja, na kwa muda wakabaki hivyo, mkono juu ya mkono, wanawake wawili wazima wakisukumana juu ya meza. Kisha mteja akabisha hodi, wakaachana.

Uwanjani, Kapteni alipomwona anarudi alitema mate pembeni. "Bado hujachoka kututesa?"

"Kimbia," Mama Tulia akamwambia. "Kazi yako ni kukimbia."

Kapteni hakuzoea kuamriwa. Alikwenda mwisho wa njia, akageuka, akaja kwa hasira zote alizokuwa nazo, na Mama Tulia akamchukua tangu kule, akimzungukia kwa kiuno, akimpitisha mbele yake na kumpeleka. Alirudia mara nyingi. Jua likapanda, nyama za mgongo zikamuuma kama amebeba maji. Nyingi ziliharibika. Katika moja, kila kitu kilikaa mahali pake: kichwa cha Kapteni kimeinama, mishipa ya shingo imesimama, tone la jasho limening'inia kidevuni, na dunia nzima nyuma yake inakimbizwa kuelekea upande wa pili.

Alimpelekea kamera. Wenzake nao wakasogea, viti vikagongana. Kapteni alitazama kwa muda mrefu.

"Mkono wa kushoto," alisema hatimaye. "Nautupa nje mno. Unaona? Ndiyo maana kwenye kona naachwa." Akamwonyesha mwenzake. "Si nilikuwa nawaambia kiti ndicho kibovu? Kumbe ni mkono." Akarudisha kamera bila asante wala samahani. "Hii ndiyo ya bango. Na kesho uje tena, nataka kuona mkono wa kulia."

Mama Tulia aliondoka pale na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kuigawia. Alimsimulia mumewe, na mume akafurahi kweli, akasema atamwambia dada. Alipofika kwa dada hakumwambia.

Bango lilitoka. Lilibandikwa kwenye nguzo, kwenye kuta za soko, mlangoni pa studio yenyewe. Kapteni alikuwa mkubwa kuliko mtu, akipasua upepo. Chini, kwa herufi nyeupe, liliandikwa jina la studio, na pembeni yake mpiga picha ni nani. Jina lililoandikwa lilikuwa la wifi.

Mama Tulia alilisoma akiwa amesimama na kikapu cha sokoni. Alilisoma tena. Akaingia ndani na kikapu chake.

"Umeandika jina lako."

"Nimeandika jina la mwenye studio," wifi akasema. Alikuwa akikata picha za vitambulisho kwa mkasi na hakuinua kichwa.

"Mpiga picha ni mimi."

"Kamera ya nani? Kompyuta ya nani? Na yale niliyokuwa nakwambia kila nikipita, ya nani?"

"Ulikuwa unanitukana."

"Na ukajifunza au hukujifunza?" Sasa akauweka mkasi chini. "Nisikilize. Pale gazetini picha zangu zilitoka kwa jina la mwanamume aliyekuwa anakaa ofisini anakunywa soda. Mimi nimelala kwenye vumbi, yeye anapongezwa. Nilipovunjika goti ndiye aliyepewa tuzo ya picha ya siku hiyo. Nilimlilia nani? Nilimeza. Na wewe meza."

"Kwa hiyo uliyotendewa umeyatunza miaka yote uje unitendee mimi."

"Ningemtendea nani mwingine?" wifi alisema. "Wewe ndiye uliye karibu."

Mama Tulia aliweka kikapu chini, akavua aproni ya studio, akaitupia juu ya kigoda cheusi. Akachukua kamera kuukuu.

"Hiyo unaiacha," wifi akasema.

"Ulisema ife na mimi. Bado haijafa."

Karakana, mumewe alikuwa amevaa ile miwani yake. Alimweleza yote. Mume akasikiliza, akasema taratibu, "Ni dada yangu, nimfanyeje?"

"Na mimi ni nani yako?"

Mume akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, pengine kwa moto, pengine kwa jingine. Baadaye aliondoa vyuma chakavu vilivyojaa pembe moja ya karakana, akapafagia, akamtundikia shuka jeupe kwenye waya. Ndiyo studio aliyoanzia Mama Tulia, na ndilo jambo pekee ambalo mume alilifanya katika vita ile yote bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwa Kapteni pia alikwenda kushtaki. Alitarajia kwamba yeye aliyejua ukweli angesema neno. Kapteni alikuwa akifunga utepe kwenye glavu.

"Mama, mimi nilitaka bango, sikutaka kesi ya mawifi," alisema. "Uso ni wangu, jasho ni langu, mkono mbovu ni wangu. Jina langu kwenye bango liko wapi? Hamkuliandika, si wewe wala yeye." Ilikuwa kweli. Kwenye bango lile Kapteni hakuwa na jina. "Siku ya mashindano unakuja au huji?" akauliza Kapteni. Mama Tulia akaitikia. "Basi uje."

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Mama Tulia alichagua ile kona ambayo njia inajipinda kabla ya mstari wa mwisho, mahali viti vinapolala upande na wakimbiaji wanaonyesha meno. Alipofika alimkuta wifi yake ameshasimama hapo, kamera nzuri shingoni, amevaa suruali ambayo hakuna mtu katika familia aliyewahi kumwona nayo.

"Umesimama pangu," Mama Tulia alisema.

"Nilisimama hapa wewe ukiwa hujui hata kupiga mswaki."

Msimamizi wa mashindano aliwapulizia filimbi kwamba wanaziba njia. Wote wawili walimgeukia kwa jicho moja, na yule bwana akaenda kupuliza mahali pengine. Viti vikachomoza katika mzunguko wa kwanza. Mlio wa glavu kwenye pete ukaja ukikua. Mama Tulia alizungusha kiuno kuwapokea, na kiwiko cha wifi kikamgonga mbavuni, naye akakigonga vilevile, na wakaendelea kuzunguka. Mzunguko wa mwisho Kapteni alipita wa tatu. Alikosa nafasi ya pili kwa urefu wa gurudumu, na alipovuka mstari alikipiga kiti chake ngumi mpaka glavu ikachanika.

Picha ya Mama Tulia ilikuwa nzuri. Aliipeleka gazetini, na mhariri akasema nzuri. Kesho yake gazeti lilitoka na picha ya wifi.

Aliiona imebandikwa ukutani kwa kinyozi. Chini yake liliandikwa jina la wifi, na kwa mara ya kwanza wifi alikuwa ametoa picha ya mbio aliyoipiga yeye kwa jina lake mwenyewe. Mama Tulia hakutaka kuitazama, akaitazama. Ilikuwa imepigwa kutoka chini kabisa, karibu na ardhi. Kwa hiyo baada ya ile kona, yeye alipokuwa ameinamia kamera yake kukagua, mama yule mwenye goti bovu alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo kuwangoja waje mara nyingine. Kapteni alionekana kama kitu kinachoruka ukuta. Kinyozi alimuuliza kama kuna tatizo, maana alikuwa amesimama pale muda mrefu na haonekani kutaka kunyolewa.

"Ni nzuri kuliko yangu," Mama Tulia alisema, na kusema hivyo kulimgharimu.

Kwa mama mkwe waliendelea kukaa pande mbili za meza, na chumvi waliombana kupitia watoto. Studio ya wifi ikapata msichana mpya, naye hakudumu. Karakana, mbele ya shuka jeupe, watu walianza kuja: waendesha baiskeli, wapiga kasia, mzee mmoja aliyetaka apigwe picha akifukuza mbuzi wake kwa sababu ndivyo watoto wake wanavyomkumbuka. Wote hao Mama Tulia aliwapiga wakiwa wanakwenda, na majina yao aliyaandika nyuma ya kila picha kwa mkono wake.

Mashindano yaliyofuata alifika uwanjani kabla mageti hayajafunguliwa vizuri, gunia la kulalia liko kwapani. Wifi yake alikuwa kwenye kona tayari, tumbo chini, goti limenyooshwa pembeni kwa shida.

"Sogea," Mama Tulia akasema.

"Sisogei."

Akatandika gunia lake ubavuni mwake, akalala. Wakimbiaji walikuwa bado wanapasha misuli upande wa pili wa uwanja, na wanawake wale wawili wakaelekeza kamera zao kule viti vitakakochomoza, kiwiko kwa kiwiko.